"Kawaida hiyo, hata mimi nilikuwa hivyo": maneno ya benchi la kliniki na ukweli wake

Kliniki ya wajawazito huanzia kwenye benchi. Nesi hajaita hata namba ya kwanza, wewe umeshajua nani anaungua kifua usiku kucha, nani mtoto wake bado hajacheza, nani mumewe kahamia sebuleni kwa sababu ya mito. Wenye maneno mengi kuliko wote ni wale wa miezi ya kati, tangu wa nne mpaka kuelekea wa saba. Kutapika kumepungua, tumbo limejitokeza, leba bado iko mbali, basi vinabaki vijimaumivu na maswali. Na jibu la benchi huwa moja: "Ah, kawaida hiyo mwenzangu, hata mimi nilikuwa hivyo."

Mara nyingi jibu hilo ni dawa. Mara chache linaua. Haya ni baadhi ya niliyoyasikia katika mimba zangu mbili. Mengine niliyasema mwenyewe, tena kwa kujiamini.

"Usiseme wasiwasi wako, utauita ubaya"

Naanza na hili kwa sababu linafunga mdomo kabla mengine hayajasemwa. Kwetu mimba hufichwa: kuna kijicho, kuna husuda, kuna midomo ya watu. Anayemficha jirani sina ugomvi naye. Shida ni kumficha hata nesi, mtu akaja kuanza kliniki mwezi wa sita, wakati Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Halafu kuna lile la "ukilia sana utazaa mtoto mlialia," na mama wa watu anameza machozi. Mtoto halirithi chozi. Ila huzuni yenyewe ipo na ina idadi: shirika hilohilo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye benchi la watu 20, hao ni watatu. Ukiona wiki mbili zinapita hulali, hutamani chochote, unalia bila kujua unalilia nini, usikubali kuambiwa unadeka. Mwambie nesi kama unavyomwambia habari ya mgongo.

Na kwa akina baba wanaodhani mazungumzo haya ni umbeya mtupu: Bangladesh, India, Malawi na Nepal yalifanyika majaribio ambapo wanawake walikutana kwa vikundi, wakajadili shida za mimba na uzazi na kutafuta njia zao wenyewe za kuzitatua. Majaribio saba ya namna hiyo yalichambuliwa pamoja mwaka 2013. Palipokuwa na vikundi, vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 23. Maneno tu hayo, lakini maneno yenye mpango.

"Ukiungua kifua, mtoto ana nywele nyingi"

Hili nilikuwa nalicheka, mpaka nikakuta kwamba mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walifuatilia wajawazito 64 wakitaka kulithibitisha kuwa ni uongo, wakakuta kinyume: walioungua sana kwa kweli wengi wao walizaa watoto wenye nywele. Walidhani huenda homoni zilezile zinazolegeza koo la tumbo ndizo zinazohusika na nywele za mtoto. Wanawake 64 ni wachache mno kujengea sheria, ila imenifunza kutowacheka bibi zetu haraka.

Kinachojulikana vizuri ni sababu ya kuungua. Homoni ya mimba hulegeza msuli unaofunga mlango kati ya umio na tumbo la chakula, na mfuko wa uzazi unavyopanda unalisukuma tumbo juu, tindikali inarudi. Nywele hazikuchomi. Kula kidogo kidogo, acha saa mbili au tatu zipite kabla ya kulala, nyanyua upande wa kichwani, punguza pilipili na vya kukaanga (najua, najua, bajia). Zikishindikana, dawa za kiungulia zinazofaa mjamzito zipo, uliza. Lakini maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia msiyaite kiungulia. Nitayarudia chini.

"Ni homa za mimba tu"

Hakuna homa ya mimba. Mimba inaleta joto la mwili kidogo, uchovu, kizunguzungu, lakini haileti homa ya kutetemeka. Kwenye nchi zetu homa kwa mjamzito ni malaria mpaka kipimo kikatae, na kipimo kikikataa itafutwe nyingine, mara nyingi maambukizi ya njia ya mkojo. Kukojoa kila baada ya nusu saa ni kawaida kweli. Kukojoa kunakochoma, au kunakofuatana na maumivu ya kiunoni na homa, si kawaida.

Malaria ya mjamzito ina ujanja wake. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mama akawa anatembea sokoni na damu inapungua na mtoto anakosa chakula. Ndiyo maana unapewa vidonge vya SP, vitatu kwa mpigo, unavimeza mbele ya nesi hata kama huumwi. Huanza miezi ya kati, baada ya wiki ya 13, na hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Benchi linasema "vinaharibu mimba." Sivyo: vinaanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo kwa makusudi, na vimetumika Afrika kwa miaka mingi. Asiyepaswa kuvipata ni yule anayetumia septrini kila siku kwa sababu ya VVU, au mwenye mzio wa dawa za salfa. Huyo aseme mapema, asitupe vidonge kimyakimya chooni.

Na chandarua kinabaki palepale.

Damu, juisi nyekundu na udongo

Katika miezi hii maji ya damu yanaongezeka haraka kuliko chembe nyekundu zenyewe, kwa hiyo wingi wa damu kwenye kadi hushuka kidogo hata kwa mama mzima wa afya. Ukishuka chini ya gramu 10.5 kwa desilita miezi ya kati, hapo ni upungufu. Tiba ya mtaani ni rangi: rozela, juisi ya bitiruti, chochote chekundu. Vinywe kwa kiu. Wekundu wa juisi hauingii kwenye mishipa. Damu inajengwa na madini ya chuma, na hayo yako kwenye nyama, dagaa, maharage, mboga za majani, na kile kidonge cha chuma na foliki asidi ambacho nusu ya benchi wanakipokea na hawakimezi.

Wanakiacha kwa sababu kinatia choo weusi, na wanadhani ni damu imeoza. Ni chuma kilichozidi kinatoka, basi. Kichefuchefu chake hupungua ukimeza usiku, kufunga choo hupungua kwa maji, papai na kutembea. Kosa kubwa zaidi ni kukisindikiza na chai. Chai ya rangi au ya maziwa inazuia chuma kufyonzwa. Kimeze na maji au chungwa, chai iachie saa moja au mbili. Kwa Mswahili kutenganisha chai na chakula ni mtihani, lakini ni wa miezi michache.

Udongo je? "Mwili unautaka, mpe." Hamu ya udongo mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwili unalalamika kweli, ila kile unachokiomba hakimo humo. Udongo wenyewe unaweza kukamata chuma kidogo ulicho nacho usikifaidi, na ule unaouzwa sokoni umewahi kukutwa na madini ya risasi yenye sumu na mayai ya minyoo. Anayeula asitukanwe. Apimwe damu.

Ya haraka haraka

Mayai hayamfanyi mtoto awe kipara wala bubu, ni chakula cha bei nafuu kuliko nyama, ila yaive. Kujinyima ili mtoto awe mdogo na leba iwe rahisi ni hatari: mtoto mdogo sana ndiye anayetupa kazi akishazaliwa. Kula kwa watu wawili nako hakuna, nyongeza ya miezi ya kati ni kama kalori 340 kwa siku, yaani bakuli la uji wa maziwa na ndizi mbili. Altrasaundi haina mionzi, ni sauti, na ushauri ni angalau moja kabla ya wiki ya 24. Mstari mweusi tumboni, tumbo la mchongoko, tumbo pana: hakuna kinachotaja jinsia. Tendo la ndoa halimgusi mtoto, yuko ndani ya chupa na mlango umezibwa na ute mzito, mradi hutoki damu, huvuji maji na hujaambiwa kondo limekaa chini. Wala halimjengi mtoto, kama baadhi ya waume wanavyopenda kutukumbusha. Ute mweupe unaongezeka, usijisafishe ndani kwa ndimu wala sabuni. Ukiwasha, ukinuka au ukibadilika rangi, hapo ni tiba. Maumivu ya kuchoma kinenani ukigeuka ghafla kitandani ni kano za mfuko wa uzazi zinavutika. Chango siyo, na halihitaji kukandwa tumbo. Mafuta ya nazi hayazuii michirizi, hiyo umeirithi kwa mama yako, lakini yanapunguza mwasho na yananukia vizuri, jipake.

"Wangu alicheza miezi minne, wako vipi?"

Hakuna swali linalomtesa mwenye mimba ya kwanza kama hili. Aliyeshazaa huweza kumhisi mtoto tangu wiki ya 16 hivi kwa sababu anajua anachokitafuta. Wa kwanza mara nyingi husubiri mpaka wiki ya 18 au 20 na kitu, na mwanzoni ni kama gesi, kama samaki aliyepita. Kondo likikaa mbele linakuwa kama godoro kati yako na mateke. Mimi lilikaa mbele, nilikaa wiki nzima nikijua nimepoteza mtoto na simwambii mtu. Ikifika wiki ya 24 hujasikia kitu, nenda wakasikilize mapigo. Na akishaanza kuwa na mtindo wake, mjue wewe mwenyewe. Siku akipunguza kuliko alivyozoea, usinywe soda baridi kumwamsha ukalala ukisubiri kesho. Mtoto wa tumboni hana uvivu. Nenda siku hiyohiyo.

"Miguu imevimba? Wa kiume huyo"

Nililisema hili kwa wifi yangu. Alikuwa mwezi wa saba unaingia, kavua viatu mlangoni havimwingii tena, nikamwambia "kawaida, hata mimi ilinivimba." Na kweli ilinivimba: jioni, baada ya kusimama kutwa, asubuhi imenywea. Uvimbe wa namna hiyo hauna shida, nyanyua miguu na endelea kutembea. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma na kupata moto, hiyo ni hadithi nyingine, huenda damu imeganda.

Aliyekuwepo siku hiyo ni mama mmoja muuza maandazi, hana cheti cha kitu chochote. Akauliza: "Na kichwa je, bibi?" Wifi akasema kinamuuma tangu juzi, panado haisaidii, na akiinuka anaona vimulimuli. Akamtazama uso, akamwambia avue pete. Haikutoka.

Kuanzia wiki ya 20, presha ya 140/90 au zaidi pamoja na protini kwenye mkojo, au na dalili kama hizo, ndiyo inayotangulia kifafa cha mimba: kichwa kisichosikia dawa, macho kuona nyota au giza, uso na mikono kuvimba ghafla, na yale maumivu chini ya mbavu za kulia niliyoyaacha juu. Wengine hawasikii chochote, kipimo cha presha ndicho kinachosema, kwa hiyo usikubali kuondoka kliniki hujafungwa ile mashine mkononi. Degedege likija, watu husema jini, mama anapelekwa kwa mganga, na muda unakatika. Hospitali kuna sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia na kukatisha degedege, kuna dawa za kushusha presha. Aliyewahi kupata hali hii mimba iliyopita aseme mwanzoni kabisa, maana aspirini ya dozi ndogo, kwa maelekezo ya daktari, huanzishwa mapema kumkinga.

Wifi alikutwa na 160/110. Walimlaza jioni ileile, wakamtunza mpaka wiki ya 34 wakamtoa mtoto. Ni wa kike, ana miaka minne sasa, na pamoja na kiungulia chote kile alichokipata mama yake, alizaliwa kipara kabisa.