"Baridi au Moto?" Tunayoyaamini Malindi Kuhusu Bia za Krafti, na Ukweli Wake

Jumamosi jua likishaelekea Ganda, tunakutana watu wanne chini ya mkilifi, nyuma ya nyumba ya fundi wa friji pale Maweni. Yumo mpishi wa hoteli, yumo mwalimu mstaafu, yumo fundi mwenyewe, na mimi niliyesimama nyuma ya kaunta za ufuoni miaka kumi na miwili. Mwisho wa mwezi mmoja wetu huagiza kartoni ya bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo, kutoka Nairobi waliko watengenezaji kama 254 na Bateleur. Msimu wa Wataliano, mpishi huachiwa chupa mbili tatu na mgeni anayerudi kwao. Chupa moja tunaigawa gilasi nne. Tunanusa, tunaonja, tunabishana, na ubishi huwa mwingi kuliko bia.

Wasiokunywa, na Malindi ni wengi, wanaweza kusoma haya kama habari za jirani. Mengi ninayoyasahihisha hapa nilikuwa nikiyasema mwenyewe nikiwa kaunta, tena kwa sauti ya mtu anayejua.

"Bia nyeusi ndiyo kali"

Kwetu Kenya dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Guinness ya chupa tuliyoizoea ina kilevi asilimia 6.5 na Tusker ina 4.2. Mtu akinywa tatu za hii leo na tatu za ile kesho, kichwa chake kitatoa ushahidi dhidi ya ile nyeusi. Lakini Guinness ya bomba wanayokunywa Ireland, nyeusi tititi vilevile, ina asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Rangi haikuhusika.

Weusi unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikafanana na buni, na kiasi kidogo tu hutosha kulitia giza pipa zima. Kilevi kina njia yake nyingine. Nafaka huoteshwa ikawa kimea, kimea hulowekwa kwenye maji ya moto kikatoa sukari, hamira ikaila sukari ile na kutoa kilevi na gesi. Anayetaka bia kali huongeza sukari itakayoliwa na hamira, hana haja ya kukaanga zaidi. Mpishi alilimaliza kwa swali: "Kwani chapati ikiungua ndiyo imeongezeka unga?"

Pacha wa dhana hii ni kwamba bia nyeusi huongeza damu. Nimeisikia ikisemwa hata kwa mama aliyejifungua juzi, na sipendi. Matangazo ya Kiingereza ya kuanzia mwaka 1929 yaliwaambia watu kwamba Guinness inawafaa, na maneno yale yamesafiri mbali kuliko bia yenyewe. Painti moja, zaidi kidogo ya nusu lita, ina chuma kama miligramu 0.3. Bakuli la mchicha linaipita mbali, na mchicha hauna kilevi.

"Ikiwa chungu, itakulewesha"

Huyu anayesema hivi hajapita barazani akanywa kahawa chungu? Uchungu wa bia unatokana na hopsi, maua ya mmea unaotambaa kama mkunde, unaostawi nchi za baridi zenye mchana mrefu wakati wa kiangazi. Hopsi zikichemshwa hutoa uchungu wake. Hazitoi kilevi. Iko IPA (India Pale Ale, bia ya rangi nyepesi yenye hopsi nyingi) chungu kama majani ya huu mkilifi tunaoukalia, na ina asilimia 4 tu. Kisha iko Westmalle Tripel, bia ya watawa wa Ubelgiji, rangi ya asali, inateremka vizuri, na ina 9.5. Mgeni alimpa mpishi chupa yake, akainywa kama soda. Jioni ile hakupika.

Linalowanasa wengi zaidi ni ukubwa wa chupa. Wanaiona chupa ya mililita 330 wanaiita ya mtoto. Hesabu ya mwalimu ilikuwa hivi: nusu lita ya bia ya asilimia 4.2 ina mililita 21 za kilevi. Kichupa cha 330 cha IPA ya asilimia 7 kina mililita 23. Ya mtoto imempita baba. Anayerudi kwake kwa pikipiki aisome lebo kabla hajasema "nimekunywa mbili ndogo tu".

"Hii wameitia ndizi"

Ubishi huu ulituchukua jioni nzima. Tulifungua bia ya ngano ya Kijerumani, ile ya Bavaria. Ikamiminika na ukungu, na harufu iliyopanda ilikuwa ya ndizi mbivu, nyuma yake karafuu. Fundi akaapa kwamba wametia ndizi. Mwalimu, ambaye aliwahi kufundisha Moshi, akamuunga mkono: Wachagga wana mbege, inapikwa kwa ndizi na ulezi, sasa Wajerumani washindwe na nini?

Mbege ni kweli ina ndizi. Hii ya Bavaria haina. Mle mna maji, kimea cha ngano na cha shayiri, hopsi na hamira, basi. Ni hamira ya aina yake, ambayo inapokula sukari huacha nyuma kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake, pamoja na nyingine inayonukia karafuu. Ajabu yenyewe ni kwamba sheria mashuhuri ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu maji, shayiri na hopsi tu. Hamira haikutajwa. Mfanyakazi mkuu alikuwemo kiwandani siku zote bila kuandikwa jina.

Ule ukungu nao ulimtia fundi wasiwasi, akasema imeharibika. Bia ya ngano huwa hivyo, kwa protini za ngano na hamira inayoelea. Hata bia nyingine nyingi za krafti hazichujwi zikang'aa. Mashapo chini ya chupa si uchafu. Bia iliyoharibika huijui kwa ukungu, unaijua kwa dalili nyingine: ukali wa siki mahali ambapo mtengenezaji hakuukusudia, au povu linaloruka lenyewe kizibo kikifunguliwa. Sisi tuliokua karibu na wagema tulipaswa kuwa wa mwisho kuogopa ukungu. Tembo la asubuhi ni jeupe kama maji ya mchele, na hakuna anayelirudisha.

"IPA ilibuniwa kwa ajili ya safari ya India"

Hiki ndicho kisa anachokipenda mwalimu, naye hukisimulia vizuri: bia zilikuwa zikiharibika baharini, Mwingereza mmoja akazidisha hopsi na kilevi, zikafika India salama. Kuna ukweli ndani yake. Hopsi huzuia baadhi ya bakteria, na kiwanda cha Hodgson kilichokuwa Bow, London, mwishoni mwa karne ya 18 kilikuwa kikiwauzia mabaharia wa meli za kwenda India bia ya rangi nyepesi. Ila bia za aina nyingine zilikuwa zikifika kabla ya hapo na baadaye, hata ile bia nyeusi ya Kiingereza iitwayo porta. Hakuna aliyeketi akabuni dawa ya safari. Palikuwa na bia ambayo tayari ipo, na watu wa kule wakaipenda. Jina lenyewe lilienea karne ya 19. Mwalimu hajakubali hadi leo.

"Bia ikiingia friji ikatoka, imekwisha"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana kwa mji wa joto kama wetu hili ndilo jambo kubwa. Mhudumu wa baa yoyote Kenya atakuuliza: baridi au moto? Yule anayechukua moto anaamini friji huua bia. Yule anayechukua baridi anaamini iliyowahi kupoa ikapata joto haifai tena. Chupa kupoa na kupata joto mara moja mbili hakuiharibu. Kinachoiharibu ni joto la muda mrefu, hewa na mwanga.

Nilijifunza kwa kartoni yangu mwenyewe. Niliagiza IPA kutoka Nairobi wakati wa kaskazi, ikaja na basi la usiku kupitia Mombasa, ikashushwa asubuhi. Nikapitiwa na shughuli, nikaifuata saa tisa alasiri. Ilikuwa barazani, jua limeshaifikia, ukiishika kartoni mkono unarudi. Tuliipoza siku mbili, tukaifungua. Wiki tatu kabla yake tulikuwa tumeonja bia hiyohiyo ikinukia ganda la chungwa. Hii ilinukia kartoni iliyolowa mvua. Fundi akatoa hukumu kwamba hawa wa Nairobi hawajui kupika. Nikanyamaza, maana mpishi mbaya nilikuwa mimi.

Oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo huila bia polepole, na joto huiharakisha. Bia za viwanda vikubwa kwa kawaida hupashwa moto kidogo zikiwa ndani ya chupa, kwa njia iliyopewa jina la Pasteur, Mfaransa aliyetoa kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876. Hizo huvumilia safari zaidi. Za krafti nyingi hazipitishwi humo, na harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kuondoka, hata bila joto, miezi ikipita. Ndiyo maana pia si kweli kwamba bia ikikaa hunoga kama mvinyo. Chache zenye kilevi kingi hunoga, IPA hufifia. Kwa hiyo mtu akiniambia hapa Malindi kwamba bia fulani ya krafti ni mbovu, swali langu la kwanza ni ilifika lini na ililala wapi. Mara nyingi tunachokionja ni barabara.

Mwanga ni kesi nyingine. Fundi alishikilia kwamba jua huharibu kwa joto tu, basi tukamfanyia jaribio. Chupa mbili za kijani, bia ileile, kreti ileile, tukaziweka juu ya ukuta kuanzia saa sita hadi saa saba. Moja ikiwa wazi, nyingine imefungwa gazeti na kitambaa cheusi. Kisha zote mbili friji, kisha gilasi. Dereva wa tuktuk aliyekuja kumchukua mwalimu, ambaye hagusi pombe, alinusa tu ile iliyokuwa wazi akarudi nyuma: "Kicheche huyu!" Ile iliyofungwa ilikuwa bia ya kawaida. Mwanga huuvunja uchungu wa hopsi, vipande vyake vikaungana na salfa, na harufu inayozaliwa kweli inafanana na ya kicheche. Gilasi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani kidogo sana, nyeupe karibu hakuna. Chupa ya kijani si alama ya ubora. Na kopo, ambalo wengi wanalidharau wakidai linatoa ladha ya bati, limepakwa utando ndani na halipitishi mwanga hata chembe. Kwa jua la Malindi mimi nachukua kopo.

Sasa, baridi au moto? Laga nyepesi kama Tusker, baridi, sina ubishi. Lakini bia nzito ikitoka friji ikiwa barafu, ulimi hufa ganzi na pesa yako imekwenda bure. Iache mezani dakika kumi. Hapa kwetu hata saa huhitaji.

"Haina kemikali, haina hangova"

Husemwa kwa krafti, husemwa kwa mnazi, na hata wanaouza husema. Kilevi ni kilevi, kiwe cha pipa la Nairobi au cha kilele cha mnazi wa Mtondia. Maneno haya yananikumbusha mgema, aliposifiwa tembo akalitia maji, na watengenezaji wadogo nao wapo wa namna hiyo: wakishajua jina "krafti" linauza, usafi wa mapipa unalegea. Udogo wa kiwanda haukuhakikishii ladha. Nimeonja za viwanda vidogo zilizokuwa chachu kwa uzembe, na nimeonja laga ya kiwanda kikubwa isiyo na doa, kazi ambayo ni ngumu kwa sababu laga nyepesi haina mahali pa kuficha kosa.

"Povu ni wizi"

Nikiwa kaunta nilitukanwa kwa povu mara nyingi kuliko kwa lolote jingine. Wateja wengine walikuwa na haki, maana nusu gilasi ya povu ni wizi kweli. Lakini vidole viwili vya povu ni sehemu ya bia. Hushikiliwa na protini za kimea na uchungu wa hopsi, na vipovu vikipasuka ndivyo vinavyokuletea harufu puani. Bia isiyo na povu kabisa, kabla hujamlaumu aliyeipika, itazame gilasi. Mafuta ni adui yake. Mpishi wetu alitaka kubisha, akachovya kidole chake kilichotoka kushika samaki wa kukaanga katikati ya povu. Likafunguka kama tundu la kisima, likazama lote tukitazama.

Tangu siku hiyo gilasi zetu nne zina ndoo yake na sponji yake, hazichanganywi na vyombo vya jikoni. Shemeji, mke wa fundi, akitaka kuzitilia wageni juisi ya ukwaju, sharti aombe ruhusa, na mara ya mwisho fundi alimkatalia, akala chakula cha jioni peke yake barazani.