Je, wajua kwa nini mgonjwa hujipa alama nyingi kuliko tunavyomkadiria?

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu kama saa nne, mara tatu kwa wiki, na akirudi nyumbani hupimiwa hata maji ya kunywa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 49 wa aina hiyo pamoja na wazima 49 waliolinganishwa nao kwa umri na jinsia. Kila mmoja alibeba kikompyuta cha mkononi kwa wiki nzima. Kilipolia, alijaza anavyojisikia saa ileile. Majibu ya makundi hayo mawili yalikaribiana mno. Wazima walipotakiwa kukisia wangejisikiaje kama wangekuwa wao kwenye mashine, walitaja hali mbaya kupita kiasi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa asiyekilalia ndiye aliyehesabu kunguni wengi zaidi.

Jibu linalokuja upesi ni kwamba binadamu huzoea kila kitu. Jibu hilo limepata nguvu kutokana na utafiti mmoja wa mwaka 1978, wa Philip Brickman na wenzake, ambao husimuliwa hivi: walioshinda bahati nasibu na waliopooza kwa ajali, baada ya muda, wote walikuwa na furaha sawa. Husimuliwa darasani, kwenye semina, hata kwenye vitabu. Lakini sivyo jedwali lao linavyosema. Washindi walikuwa 22, waliopooza 29, na watu wa kawaida 22. Kwa kipimo cha 0 hadi 5, washindi walipata wastani wa 4.00, watu wa kawaida 3.82, na waliopooza 2.96. Washindi na watu wa kawaida ndio waliolingana kitakwimu. Waliopooza walikuwa chini, na pengo lao halikuwa la kubahatisha. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba wastani wa waliopooza ulikuwa juu ya katikati ya kipimo. Njiani, “juu ya katikati” ikageuka kuwa “sawa na wengine”.

Kuna kasoro kubwa kuliko hiyo. Kila mtu alihojiwa mara moja tu, baada ya tukio, kwa hiyo utafiti ule hauwezi kusema lolote la uhakika kuhusu kuzoea: anayetaka kujua kama maji yamerudi kwenye kina chake lazima awe aliyapima kabla ya mafuriko. Kazi hiyo ilifanywa baadaye. Mwaka 2007 Richard Lucas alitumia takwimu za Ujerumani na Uingereza, ambako watu walewale huulizwa mwaka hadi mwaka, akawaangalia waliopata ulemavu wa muda mrefu. Kuridhika kwao na maisha kulishuka, na kwa wastani hakukurudi pale kulipokuwa. Ulemavu ulipokuwa mkali, anguko lilikuwa kubwa zaidi. Hayo hayapingani moja kwa moja na kikompyuta cha wagonjwa wa figo, kwa kuwa “unajisikiaje sasa hivi” ni swali moja na “umeridhika kiasi gani na maisha yako” ni jingine. Mtu anaweza kucheka vizuri alasiri nzima huku maisha yake kwa jumla akiyapa alama ndogo.

Basi kuzoea kupo, ila ni kwa sehemu. Kinachobaki ni jambo geni zaidi, nalo linahusu kipimo chenyewe.

Chukua mtoto anayepima mlango kwa shubiri. Anahesabu kutoka kizingiti hadi juu: shubiri 14. Baada ya miaka kumi anarudi, anapima tena, anapata 10. Mlango haukupungua hata ukucha mmoja. Kilichokua ni mkono. Mtu akisoma daftari la mtoto huyo bila kujua habari za mkono, ataandika ripoti kuhusu mlango unaosinyaa. Dodoso la ubora wa maisha ni shubiri ya namna hiyo. Likiuliza “maumivu yako ni makubwa kiasi gani, kutoka 0 hadi 10?”, ile 10 haikuchorwa popote; mhojiwa huichora mwenyewe kwa maumivu makali kuliko yote aliyowahi kuyapata au anayoweza kuyawazia. Aliyewahi kuumwa na jino tu ana 10 fupi. Akipasuliwa tumbo mwezi ujao, 10 yake itarefuka, na maumivu yaleyale aliyoyaita 7 atayaita 4. Hakudanganya mara ya kwanza wala ya pili.

Mwaka 1999 watafiti wa ubora wa maisha, Mirjam Sprangers na Carolyn Schwartz, waliyapanga mabadiliko haya katika aina tatu. Shubiri kurefuka ni ya kwanza. Ya pili ni uzito kuhama: mbio zilizokuwa fahari ya mtu zinashuka, mazungumzo na jamaa yanapanda. Ya tatu ni neno lenyewe kubadilika maana, “afya” ikawa kuamka bila homa.

Ajabu ni kwamba wazo hili halikuzaliwa wodini. Lilitoka kwa wapimaji wa mafunzo, na huko lilikuwa limejitokeza kinyumenyume. Miaka ya 1970 George Howard na wenzake walitathmini mafunzo katika jeshi la anga la Marekani yaliyolenga kupunguza ushupavu wa mawazo, yaani kung’ang’ania maoni yako bila kuyahoji. Kwa majibu ya washiriki wenyewe, walitoka wakiwa washupavu zaidi. Walipohojiwa, ilibainika kwamba mwanzoni hawakujua ushupavu ni nini hasa. Mafunzo yalifanya kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyoyafanya yaonekane yameshindwa.

Dawa waliyoipendekeza ni swali la kutazama nyuma. Mwanafunzi hujipa alama kabla ya kozi, tuseme 60. Mwishoni hujipa 62. Papo hapo, kwa mkono uleule uliokwisha kukua, huulizwa: ukitazama nyuma, siku ile ya kwanza ulikuwa wapi? Akisema 45, maendeleo ni 17, wala si 2, na shubiri imesogea kwa 15. Utaratibu una masharti: swali la sasa litangulie la nyuma, siku inayorejewa itajwe waziwazi, na majibu ya zamani yasionyeshwe. Usipokuwa na kundi la kulinganisha, la watu wasiosoma kozi hiyo, hujui ni nini kimemsogeza.

Hata hivyo dawa yenyewe ina madhara. Kumbukumbu hutengenezwa upya kila inapoitwa, na aliyetumia miezi sita akijifunza ana kila sababu ya kukumbuka kwamba zamani alikuwa mjinga zaidi. Hivyo ile 15 huenda ikawa mchanganyiko wa mkono uliokua na hadithi tamu, na hesabu hii peke yake haiwezi kuvitenganisha. Nafuu ni kuandika ngazi za kipimo kwa vitendo: “napanda ghorofa moja bila kupumzika” haitegemei mkono wa mtu sana kama “nzuri” na “nzuri sana”. Ila kwa furaha na amani ya moyo, vitendo vya namna hiyo ni vichache.

Suala hili hugusa mafungu ya fedha za tiba. Dodoso la hali ya afya liitwalo EQ-5D hutumika kukadiria tiba inaleta faida kiasi gani, na thamani za hali za ugonjwa kwa kawaida hutolewa na wananchi kwa jumla, wengi wao wazima wanaowaza tu ingekuwaje. Baadhi ya hali huzipa namba chini ya sifuri, yaani mbaya kuliko kufa. Wagonjwa wenyewe mara nyingi hutoa namba za juu zaidi. Kuwasikiliza wao kungeonekana ndiyo haki, mpaka ufanye hesabu: maisha ya ugonjwa yakiwa na thamani ya 0.8 badala ya 0.5, tiba inayomrudisha mtu kwenye 1, yaani afya kamili, huleta faida ya 0.2 tu badala ya 0.5, na kwa bei ileile huonekana ghali mara mbili u nusu.