Ploti ya 40 kwa 80: Anzia Pale Usipojenga

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na ramani aliyoitoa kwenye simu. Nyumba ya kupendeza, vyumba vinne vya kulala, baraza mbele, gereji ubavuni. Ploti yake iko Kisauni, futi 40 kwa 80. Tulipoichora nyumba ile ndani ya mipaka ya ploti kwa kipimo kimoja, ubavu mmoja ulibakiwa na nusu mita na wa pili haukubakiwa na kitu. Dirisha la chumba kikubwa lilikuwa likitazama ukuta wa jirani. Akauliza, "Sasa nipunguze chumba kipi?" Nami nikamuuliza, "Mama, nguo utaanika wapi?"

Karibu kila anayefika idara yetu ya usanifu majengo huulizwa swali hilo. Watu huanza na hesabu ya vyumba, na kipande kitakachosalia ndicho huitwa uani. Kwa ploti ndogo ya hapa Mombasa, mimi humwambia mtu aipindue kazi: akate kwanza uani, mbavu na mbele, halafu nyumba iingie katika kilichobaki.

Tufanye hesabu. Futi 40 ni mita 12.2, na futi 80 ni mita 24.4. Eneo lote ni kama mita 297 za mraba. Chukulia umeacha mita moja na nusu kila ubavu, mita tatu mbele na mita sita nyuma (kaunti ina masharti yake kuhusu nafasi hizi, kwa hivyo uliza kabla ya kuchora). Unabaki na mita 9.2 kwa 15.4, yaani zaidi ya mita 140 za mraba. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala haihitaji hata thuluthi mbili za hapo.

Huniamini? Kitanda cha futi tano kwa sita kina upana wa sentimita 152. Ukikiweka katikati ya chumba cha mita tatu kwa tatu, kila upande unabaki na zaidi ya sentimita 70, na mtu anapita bila kumkanyaga aliyelala. Kabati linataka kina cha sentimita 60. Basi vyumba viwili vya watoto ni mita 3 kwa 3, cha wazazi mita 3 kwa 3.6. Sebule na mahali pa kulia pawe pamoja, mita 3.6 kwa 6. Jiko mita 2.4 kwa 3: meza ya kazi upande huu, nyingine upande wa pili, na katikati mita moja na senti 20 za kupishana watu wawili. Vyoo viwili na bafu zake, mita saba za mraba jumla. Ongeza kijia kifupi na unene wa kuta, nyumba nzima inakuja kama mita 80 za mraba. Mabwana wa zamani wa Mji wa Kale waliishi katika vyumba vyembamba kuliko hivi, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuvuka mita tatu kwa urahisi. Walioingia mle hawakusema nyumba ni ndogo.

Kinachomeza nafasi ni ukumbi mrefu. Nyumba za mtaa wa Majengo tunazijua sote: mlango wa mbele, ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Kwa kupangisha chumba kimoja kimoja hakuna mpango ulio bora zaidi, na milango ya pande zote mbili ikiwa wazi ukumbi unavuta upepo vizuri sana. Lakini ukumbi wa mita 10 kwa moja na nusu ni mita 15 za mraba, chumba kizima na nusu cha kulala, na familia moja haina haja ya kulipia matofali, plasta na vigae vya mahali pa kupitia tu. Acha sebule iwe ndiyo njia, na vyumba vifunguke kwenye kijia cha hatua tatu nne, ili mgeni aliyeketi asione mlango wa chumba cha kulala. Sitara haigharimu mita nyingi. Ni kujua mlango ukae wapi.

Sasa tuje kwenye mwelekeo, ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko idadi ya vyumba. Mombasa iko kusini kidogo ya Ikweta, digrii nne hivi. Jua la adhuhuri hupita utosini kabisa karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine huinama kidogo tu, kaskazini au kusini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na ubati au slabu iliyochomoza kiasi. Ukuta wa magharibi haukingwi na kitu. Jua la alasiri linauingia kutoka chini, mawe yanalihifadhi lile joto, na saa nne usiku bado yanakurudishia. Upepo nao una desturi yake. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, tangu Aprili hadi Septemba hivi. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Zote mbili zina asili ya mashariki.

Hapo nyumba karibu inajipanga yenyewe. Madirisha makubwa yaende kaskazini na kusini, na kila chumba kiwe na tundu mbili, moja ya upepo kuingilia na nyingine ya kutokea; dirisha moja peke yake halivuti kitu. Jiko, vyoo, kabati na ngazi vikae magharibi. Huko vinapokea jua lisilotakiwa na mtu, na moshi wa samaki wa kukaanga unakwenda nje badala ya kupita sebuleni. Vyumba vya kulala vichukue mashariki.

Kwa nyumba za Waislamu kuna jambo jingine ambalo mafundi hulikumbuka wakati bomba zimeshazikwa. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa. Basi sinki la choo litazame mashariki au magharibi, ili anayeketi asikielekee kibla wala kukipa mgongo. Kulibadilisha kwenye karatasi ni dakika moja kwa kifutio.

Anayefikiria ghorofa ajue kwamba ngazi hula nyumba mara mbili, chini na juu. Ngazi ya kugeuka inataka kama mita 2 kwa 3.2, zaidi ya mita sita za mraba kila sakafu. Ikiwa utapanda baadaye mfuko ukiruhusu, mwambie mhandisi kabla ya msingi kuchimbwa, na pahali pa ngazi pawe stoo kwa sasa. Zile nondo za nguzo zinazoachwa zikichomoza juu ya paa zikisubiri, zifunikeni kwa zege hafifu. Hewa ya bahari ina chumvi, na miaka mitano ya kusubiri inatosha kuzila.

Uani una kazi zaidi ya nguo. Maeneo mengi ya Mombasa hayana mfereji mkuu wa maji taka, kwa hivyo tangi la septiki na shimo lake la kufyonza lazima vipate mahali ambapo gari la kunyonya litafika. Wengi pia wanataka kisima. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Wataalamu wa afya hushauri mita 30 kati ya kisima na shimo la choo, na ploti yako yote ina urefu wa mita 24. Tena chini yetu kuna mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, maji hupita humo upesi. Ukichimba vyote viwili, utakuwa unakunywa ulichokimwaga, wewe au jirani. Afadhali tangi la mvua: paa la mita 90 za mraba likinyeshewa milimita 10 tu linakusanya lita zipatazo 900, na mvua za Mei hazinyeshi kwa milimita kumi. Usimwage zege uani kote. Acha udongo unywe, la sivyo maji yataingia mlangoni.

Kabla ya yote haya, hakikisha ardhi ni yako. Mombasa tuna nyumba nyingi zisizo na ardhi, mwenye nyumba akilipa kodi kwa mwenye kiwanja, na hali hiyo huamua kama utajenga kwa mawe au la. Ramani ipitishwe na kaunti kabla ya fundi kushika jembe, ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, na ujenzi uandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Ramani ikiwa tayari, usiilipie yote. Nenda kwenye ploti na chokaa, kamba na futi, uichore chini nyumba kwa ukubwa wake halisi. Weka viti vya plastiki palipo sebule. Tandika mkeka wa ukubwa wa kitanda. Ingia mlangoni na ndoo ya maji, pita hadi jikoni, toka uani. Nenda asubuhi, kisha rudi saa kumi jioni uone jua linaangukia chumba gani. Yule mama wa Kisauni alikwenda na mumewe na watoto, wakazunguka mle ndani ya mistari kwa saa nzima, na ni kijana wao wa darasa la sita aliyegundua kwamba mlango wa choo unafunguka ukimpiga aliyesimama kwenye beseni.