"Najua ni filta tu": tunayojidanganya kuhusu mitandao

Dhana: Nikishajua picha imehaririwa, hainigusi.

Hii ndiyo ninayoisikia kuliko zote, na naamini ndiyo inayotuumiza zaidi. Mtafiti Marika Tiggemann wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, amefanya majaribio kadhaa ya kuwaonesha wanawake picha za wanamitindo, nyingine zikiwa na onyo kwamba zimehaririwa. Onyo halikusaidia. Waliolisoma hawakuridhika zaidi na miili yao kuliko wasiolisoma. Jicho huwahi kulinganisha, akili ikija kujitetea moyo umeshapata jeraha.

Na si sura peke yake. Dada yuko saluni, kichwa kwenye draya, kidole kinapitisha stori: aliyesoma naye kavishwa pete Zanzibar, mwingine kahamia kwake, wa tatu anaonesha mzigo wa Guangzhou ulioingia leo. Anajua kabisa kwamba mkopo haupigwi picha, wala ugomvi wa asubuhi. Bado anatoka pale akijiona amechelewa maisha, ilhali alipoingia alikuwa ameridhika na kazi yake na wanawe. Usione vyaelea, vimeundwa. Ila kujua vimeundwa hakumzuii mtu kuvitamani.

Dhana: Hayo ya Wazungu. Kwetu mwili ni baraka.

Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, nako walipenda miili iliyojaa. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Harvard alihoji wasichana wa shule mwaka huo, akahoji kundi jingine mwaka 1998. Kundi la kwanza halikuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. La pili walikuwa asilimia 11.3. Hiyo ni televisheni ya sebuleni, kabla ya simu ya kulala nayo.

Kwetu kinachodaiwa ni kingine: kiuno chembamba, makalio makubwa, ngozi nyeupe. Ndiyo maana mkorogo unatangazwa waziwazi mtandaoni, na baadhi ya krimu hizo zina zebaki, sumu inayoharibu figo. Binti mzima wa afya anahatarisha figo zake ili afanane na filta. Inaniuma sana hii.

Dhana: Wanaoumia ni wasiojiamini.

Nyaraka za ndani za Facebook, kampuni yenye Instagram (sasa inaitwa Meta), alizozitoa aliyekuwa mfanyakazi wake Frances Haugen mwaka 2021, zilionesha kampuni inajua: asilimia 32 ya wasichana walisema wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Tuache kuwalaumu mabinti.

Dhana: Dawa ni kufuta akaunti.

Muuza madera anayepata wateja Instagram afute, ale nini? Tena si lazima. Utafiti wa Canada uliotoka 2023 ulichukua vijana 220 wa miaka 17 hadi 25, wenye dalili za wasiwasi au huzuni. Baadhi yao walipunguza mitandao hadi saa 1 hivi kwa siku kwa wiki 3, wakaanza kuridhika zaidi na mwonekano wao kuliko wenzao walioendelea kama kawaida.

Pamoja na kupunguza muda, pitia akaunti unazofuata. Ile inayokuacha umenyong'onyea kila ukiifungua, inyamazishe, hata kama ni ya shoga yako wa damu. Instagram haimwambii mtu kwamba amenyamazishwa, na siku ya shughuli yake utakwenda kama kawaida.