Dini haikumkataza mwanamke kushika usukani

Nafundisha udereva hapa Tanga. Wiki iliyopita mama mmoja wa Pongwe, aliyekwisha kulipia masomo, alirudi kuomba ada yake kwa sababu shemeji yake amemwambia kwamba kuendesha gari ni haramu kwa mwanamke wa Kiislamu, na kwamba ushahidi ni Saudia, nchi ya Makka na Madina, ambayo eti huwakataza wanawake kuendesha. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wanaoheshimika, na sioni tena sababu ya kuyanyamazia.

Saudia yenyewe imekwisha kuliondoa katazo hilo. Mfalme Salman alitoa amri tarehe 26 Septemba 2017, na tangu tarehe 24 Juni 2018 wanawake huendesha magari huko kihalali. Hata lilipokuwapo, katazo lilikuwa la nchi hiyo, si la umma wa Kiislamu, kwani katika miaka hiyohiyo wanawake wa Omani, Misri, Kuwait na Iran walikuwa barabarani na leseni zao mkononi.

Msingi wa katazo hilo nao unasimuliwa vibaya. Tarehe 6 Novemba 1990 wanawake 47 waliendesha magari mjini Riyadh, wakakamatwa, na baadhi yao wakaondolewa kazini. Hapo ndipo ilipofuata fatwa ya Sheikh Abdul Aziz bin Baz, mwanazuoni mkubwa wa Saudia, pamoja na tangazo la Wizara ya Mambo ya Ndani. Fatwa ile haikuleta aya wala hadithi inayomkataza mwanamke kuendesha chombo, bali ilijengwa juu ya hofu ya yale yanayoweza kufuata, ikiwamo faragha baina ya mwanamke na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye mumewe wala ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa. Amri ya mwaka 2017 ilieleza kwamba wengi katika Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudia waliona asili ya jambo hili ni uhalali. Isitoshe, katika hadithi sahihi Mtume aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ndio bora miongoni mwa wanawake wapandao ngamia.

Hoja ya faragha ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu shemeji huyohuyo humwona mama yule kila asubuhi akipanda bodaboda kwenda sokoni Mgandini, amekaa nyuma ya kijana asiyemjua, magoti yakigusana naye, na hajawahi kusema neno. Mwanamke aliye peke yake ndani ya gari lake yuko mbali zaidi na faragha hiyo kuliko abiria wa bodaboda. Anayejali sitara kwa dhati angekuwa wa kwanza kumlipia masomo.

Dhana ya pili ni kwamba kuendesha gari huharibu kizazi. Mwaka 2013 sheikh mmoja wa Saudia alidai hadharani kwamba ovari na nyonga huathirika, lakini dai hilo halina uthibitisho wa kitabibu, na dereva huketi juu ya kiti kama kile anachoketia abiria wa mbele, gari likitikisika kwa wote wawili.

Wengine husema buibui ni hatari kwa dereva. Buibui si tatizo, ila pindo refu linaloingia chini ya kanyagio la breki ni tatizo, hivyo likunjwe na kubanwa kwa pini kabla gari halijawashwa, na viatu viwe vya bapa, jambo ninalolisisitiza hata kwa wasiovaa buibui. Mwenye niqabu, yaani kitambaa cha kufunika uso, ageuze kichwa kulia na kushoto gari likiwa limesimama, na akishindwa kuona vioo vyote viwili airekebishe kabla ya kuondoka.

Kuhusu masomo yenyewe, kwa kuwa mimi ni mwanamume, mwanafunzi asiyependa kukaa nami peke yake na aje na dada, shangazi au mumewe, ambaye nitamketisha kiti cha nyuma bila kumtoza chochote. Mama wa Pongwe nimemwambia aje na shemeji yake.