Je, Lifti ya Kupanda Hadi Anga za Juu Inaweza Kujengwa?

Roketi inapoondoka ardhini, takriban sehemu tisa katika kumi za uzito wake huwa ni mafuta pamoja na oksijeni ya kuyachomea, na sehemu kubwa ya mafuta hayo huishia katika kazi ya kuyainua mafuta mengine. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamejiuliza kama mizigo haiwezi kupanda angani taratibu kwa lifti. Mwaka 1895 mwanasayansi wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, akiwa amevutiwa na Mnara wa Eiffel, aliwaza mnara mrefu kiasi cha kupita anga lote la hewa. Mnara wa namna hiyo ungepondeka kwa uzito wake wenyewe. Mwaka 1960 mhandisi Yuri Artsutanov, naye wa nchi hiyo, aliligeuza wazo juu chini: kisijengwe kitu kutoka ardhini, bali kamba ining'inizwe kutoka juu.

Kamba itaning'inia kwenye nini? Satelaiti iliyo juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, huizunguka Dunia kwa saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao Dunia hujizungusha mara moja kwenye mhimili wake, hivyo kwa mtu aliye chini satelaiti hiyo huonekana imetulia mahali pamoja. Kamba ikiteremshwa kutoka hapo hadi ikweta, na nyingine ikinyooshwa kuelekea nje ili kuleta mizani, sehemu ya chini huvutwa na Dunia na sehemu ya juu huvutwa nje na mzunguko, kama uzi unavyokaza wenyewe unapozungusha jiwe lililofungwa nchani. Hakuna kinachoishikilia zaidi ya mivuto hiyo miwili. Urefu wake wote, kwa michoro mingi, hukaribia kilomita 100,000, ingawa unaweza kupunguzwa kwa kufunga kitu kizito kwenye ncha ya juu.

Inafaa kusahihisha hapa dhana moja iliyoenea. Wanaanga wanaoizunguka Dunia kwenye kimo cha kilomita 400 huelea kwa sababu ya mwendo wao mkali, wala si kwa sababu mvutano wa Dunia umekwisha huko. Abiria wa lifti aliyesimama kwenye kimo hichohicho angebaki na takriban asilimia 89 ya uzito wake, na akiteleza angeanguka moja kwa moja. Uzito humwisha kabisa pale kwenye kilomita 35,786 tu.

Kwa hiyo kila kipande cha kamba kilicho chini ya kimo hicho kinavuta, na cha juu yake hubeba uzito wa vyote vilivyo chini. Chukua waya imara wa chuma cha pua, uuning'inize wima hapa duniani bila mzigo wowote: ukifikia urefu wa kilomita 25 au 30 hivi utakatika kwa uzito wake. Nyuzi za Kevlar, zinazotumika kwenye fulana za kuzuia risasi, zingefika karibu kilomita 250. Kamba ya lifti yenye unene mmoja tangu juu hadi chini, hata baada ya kuzingatia kwamba mvutano hupungua kadiri unavyopanda, inahitaji nyuzi zenye uwezo wa kufika karibu kilomita 5,000 katika jaribio hilohilo.

Mwaka 1975 mhandisi wa Marekani, Jerome Pearson, alichapisha hesabu za njia ya kupunguza tatizo: kamba iwe nene pale kwenye kimo cha satelaiti, inakobeba mzigo mkubwa kuliko kwingine, kisha ipungue unene kuelekea ncha zote mbili. Njia hiyo ni sahihi, lakini unene huo huongezeka kwa kasi ya kutisha kadiri nyuzi zinavyokuwa dhaifu. Kamba ya Kevlar yenye upana wa milimita moja ya mraba pale ardhini ingelazimika kuwa na upana wa zaidi ya mita 200 za mraba kule juu, karibu ukubwa wa uwanja wa tenisi, na hapo hakuna akiba yoyote ya usalama. Kwa chuma, uwiano huo wa unene wa juu na wa chini hutoka kuwa namba yenye makumi ya tarakimu.

Matumaini yaliamka baada ya mwaka 1991, Sumio Iijima wa Japani alipoeleza mirija midogo mno ya kaboni, ambayo wataalamu huiita nanotubu. Mrija mmoja usio na dosari una nguvu inayotosha, na unene wa kamba ungehitaji kuongezeka mara chache tu. Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walikuza mirija yenye urefu wa zaidi ya nusu mita, na hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Ila mirija ikisokotwa pamoja kuwa uzi, huteleza mmoja juu ya mwingine na nguvu hushuka sana, na atomu chache zikikosekana kwenye mrija, ufa huanzia hapo. Kati ya nusu mita na kilomita 100,000 kuna nafasi ya dosari nyingi mno.

Kibanda chenyewe, yaani chumba cha lifti kinachopanda kwenye kamba, kina shida zake, ila hizo ni za kawaida kwa wahandisi. Chenye uzito wa tani 20, kikipanda kwa kilomita 200 kwa saa, kingehitaji takriban megawati 11 mwanzoni mwa safari, pengine zikipelekwa kwa miale ya leza, na kingefika kwenye kimo cha satelaiti baada ya siku saba na nusu. Kampuni ya ujenzi ya Obayashi ya Japani ilitangaza mwaka 2012 mpango wa kamba ya kilomita 96,000 ifikapo mwaka 2050.

Hatari ya kukatika ni nzito zaidi. Kila satelaiti na kila kipande cha taka za angani kinachopita chini ya kimo cha kilomita 35,786 hukatiza usawa wa ikweta, na kamba imesimama palepale. Hata bila kugongwa, dosari ndogo inatosha: Februari 1996 chombo cha Marekani, Columbia, kilikuwa kimeshafungua karibu kilomita 20 za waya mwembamba wenye satelaiti nchani, ndipo umeme ulipopenya kwenye kasoro ya ganda la waya huo, ukauunguza, nao ukakatika.

Kwenye Mwezi hesabu ni tofauti. Mvutano wake ni karibu moja ya sita ya ule wa Dunia, hauna hewa, na kwa kuwa hutuonyesha uso uleule daima, kamba inaweza kuelekezwa upande wa Dunia, ikapita pale mivutano ya Dunia na Mwezi inaposawazishana na athari ya mzunguko, takriban kilomita 56,000 juu ya uso wa Mwezi. Kwa kazi hiyo nyuzi za aina ya Kevlar, zinazotengenezwa viwandani tayari, zinatosha. Kamba hiyo ingelazimika kupelekwa huko kwa roketi.