Mhamiaji na mtu wa jamii ya wachache si kitu kimoja, na maombi yako ya postdoki huanguka hapo

Swali ninaloletewa na wanaoomba postdoki, yaani kazi ya utafiti baada ya uzamivu, ni lile lile, linabadilisha nguo tu: "Kwenye andiko la utafiti niweke afya ya wahamiaji au afya ya jamii za wachache? Si ni kitu kimoja?" Halafu chini yake, kama kawaida, ombi la kutumiwa orodha ya nafasi zilizopo.

Si kitu kimoja. Na orodha haitakusaidia mpaka hili likukae kichwani, kwa sababu katika fani hii nafasi huanza kwa data, tangazo hufuata baadaye. Nchi inavyohesabu watu wake ndiyo inayoamua swali gani unaweza kuuliza huko na lipi usithubutu.

Nimalize haraka yale mengine. Postdoki si shahada juu ya uzamivu. Ni kazi ya mkataba, mara nyingi miaka miwili au mitatu, na Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida utawekwa kwenye ngazi ya mshahara ya E13 kama watafiti wenzako. Si lazima uwe daktari wa kutibu. Wanademografia, wanasosholojia, wanaanthropolojia na wachumi wa afya wamejaa humu. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kazi ndani ya mradi wa mtu mwingine, swali limeshaandikwa, wewe unaajiriwa kulijibu. Hizo hutangazwa kwenye tovuti za EURAXESS, jobs.ac.uk, na kwa Uholanzi AcademicTransfer. Chukua vigezo vya tangazo, vijibu kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wao wenyewe, tuma. Ya pili ni ufadhili wako binafsi, unakwenda na swali lako mwenyewe. Huko ndiko "si ni kitu kimoja" hugharimu mtu mwaka mzima.

Sasa weka watu wanne mezani. Mwanamke aliyezaliwa Accra, akahamia Amsterdam akiwa na miaka 30. Binti yake, mzaliwa wa Amsterdam. Mzee Mwingereza mweupe aliyezaliwa Delhi mwaka 1940, wazazi wake watumishi wa serikali ya kikoloni. Na Mroma wa Slovakia, yaani wa jamii ya wachache iitwayo Roma, si mtu wa jiji la Roma, ambaye ukoo wake uko huko kwa karne nyingi.

Mama ni mhamiaji na pia ni wa jamii ya wachache. Binti ni wa jamii ya wachache lakini hajahama popote. Ukimwita mhamiaji umekosea yeye, na umekosea takwimu zako. Mroma naye hajahama, lakini ukitafuta watu walio pembezoni mwa huduma za afya utamkuta. Yule mzee ndiye ninayempenda zaidi, maana huharibu majedwali kimyakimya: ukipanga watu kwa nchi ya kuzaliwa, anaingia kwenye safu ya "wazaliwa wa India", na kwa wazee wa rika lake hayuko peke yake. Mtu anakuja na hitimisho kuhusu moyo wa Wahindi, kumbe ndani ya safu yake mna watu ambao Uhindi wao ni wa cheti cha kuzaliwa tu.

Watasema hayo ni maneno tu. La hasha, ni suala la chanzo. Afya ya mhamiaji inategemea mambo ya kuhama: alifika mwaka gani, kwa njia ipi, ana hadhi gani ya ukaazi, hadhi hiyo inampa haki ya matibabu au ya dharura tu, na lugha ya zahanati anaielewa kiasi gani. Ya jamii ya wachache inabeba mengine: ubaguzi, makazi, kipato kinachorithiwa, vizazi. Kwa kundi la kwanza unahitaji kigeu cha mwaka wa kuingia. Kwa la pili unahitaji mtu aseme mwenyewe yeye ni nani. Hifadhi ya data yenye vyote viwili kwa ubora ule ule ni adimu. Ndiyo maana andiko linaloandika "wahamiaji na jamii za wachache" kwa pumzi moja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, linamwambia mthamini wa maombi kwamba hujaifungua data hata mara moja.

Denmark ina namba ya utambulisho ya kila mkazi tangu 1968, na kwa namba hiyo unaunganisha kulazwa, dawa, kipato na kifo. Tamu sana. Lakini rejista inajua ulizaliwa wapi na una uraia gani; haijui unajiitaje. Kwa fasili yao, akiwepo hata mzazi mmoja tu aliyezaliwa Denmark na mwenye uraia wake, mtoto anahesabiwa Mdenishi. Kwa hiyo mjukuu wa mhamiaji kwa kawaida anayeyuka. Ukitaka kuchunguza kizazi cha tatu kwa rejista hizo, umeandika andiko la kutafuta watu ambao takwimu imeshawafuta. Ukitaka kufuatilia waliofika kama wakimbizi na kisukari chao kwa miaka ishirini, uko peponi, na kituo cha utafiti wa uhamiaji na afya cha Chuo Kikuu cha Copenhagen kimejengwa kwa maswali ya namna hiyo.

Uingereza ni kinyume. Sensa inauliza asili, yaani kabila au jamii ya mtu, tangu 1991, mtu anajitaja mwenyewe. Lakini kwa miongo mingi cheti cha kifo cha England na Wales kiliandika nchi ya kuzaliwa bila asili. Scotland ilianza kuandika asili kwenye usajili wa vifo mwaka 2012, na kabla ya hapo watafiti wa Edinburgh walizunguka tatizo kwa kuunganisha sensa ya 2001, watu milioni 4.6, na kumbukumbu za hospitali na vifo. Ujerumani ilianza kupima "usuli wa uhamiaji" kwenye sensa yake ndogo ya 2005, na kipimo hicho kinashikilia uraia wa kuzaliwa nao, wako au wa mzazi. Ufaransa, sheria ya 1978 inabana vikali data za asili na rangi, na Baraza la Katiba likakazia 2007. Unachoweza kuuliza kwa kawaida ni nchi ya kuzaliwa na uraia wa mtu na wazazi wake. Uholanzi ilitupa mgawanyo wake wa "magharibi" na "yasiyo ya magharibi" mwaka 2022, kwa hiyo mfululizo wa miaka unaovuka hapo unahitaji aya ya maelezo. Marekani ilibadilisha makundi yake Machi 2024: swali moja badala ya mawili, na kundi jipya la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini.

Unayetaka Waafrika waliohama na wenzao waliobaki, tazama utafiti wa RODAM: Waghana takriban 6,000 walipimwa vijijini na mijini Ghana, kisha Amsterdam, Berlin na London. Kwa Amsterdam peke yake kuna HELIUS, washiriki zaidi ya 24,000 waliopimwa 2011 hadi 2015: Waholanzi, Wasuriname wa asili ya Asia Kusini na wa asili ya Afrika, Waghana, Waturuki na Wamoroko. Zote mbili zina damu, presha na dodoso. Omba kwa jina la data, usiombe kwa jina la chuo.

Kuna jambo jingine la kuhesabu. Kwenye hesabu za shule ya msingi tuliambiwa namba ya juu ya sehemu ni kiasi, ya chini ni asili. Kiswahili kilijua. Fani hii nzima ni ugomvi wa asili mbili, ya mtu na ya hesabu, na watu husahau ya pili.

Tuseme rejista ina wahamiaji 1,000. Mia wamekwisha kurudi walikotoka au wameenda nchi ya tatu, lakini hakuna aliyepita ofisini kuaga. Kati ya 900 waliopo kweli, tisa wanakufa mwaka huo. Kiwango halisi ni tisa juu ya 900, yaani 10 kwa kila 1,000. Rejista inasema tisa juu ya 1,000. Wahamiaji wamepata afya kwa kukosa kuaga! Wale mia, kwenye rejista, hawafi kamwe, hata wakifika miaka 120. Kosa hilo hukua kadiri umri unavyopanda, mahali ambapo vifo ni vingi na matokeo yako yanasomwa kwa makini.

Kwamba wahamiaji wengi hufika wakiwa na afya njema kuliko wenyeji ni kweli kwa kiasi. Safari huchagua vijana na wazima. Kwamba wagonjwa wengine hurudi kwao kufia huko, nako kupo. Ila ukiona mtu anaandika "athari ya mhamiaji mwenye afya" bila kusema aliwashughulikia vipi walioondoka bila kuaga, hajaeleza kitu. Ametoa jina tu. Ziko njia: acha kumhesabu mtu ambaye hana mshahara, posho, dawa wala ziara ya daktari kwa miaka miwili mfululizo, kisha rudia uchambuzi kwa mwaka mmoja na kwa mitatu uone matokeo yanayumba kiasi gani. Sentensi mbili za hilo kwenye andiko zinazidi kurasa tatu za "wahamiaji wanakabiliwa na changamoto nyingi".

Nami niseme ambalo vitabu hulifunika: sina imani kubwa na haya makundi yenyewe. "Asia Kusini" inamweka Mbangladeshi wa Sylhet na Mpunjabi chungu kimoja, halafu mwongozo wa Uingereza unawapa viwango vya BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) vya 23 na 27.5, pamoja na Wachina na Waafrika. Viwango hivyo vina faida, vinawapeleka watu kupimwa kisukari mapema. Lakini ukiuliza namba hiyo inasimama badala ya nini, mafuta ya tumboni, lishe ya utotoni au umaskini, jibu huwa jembamba. Marekani walizidisha makadirio ya kazi ya figo kwa 1.159 kwa kila aliyeandikwa Mweusi, kanuni ya 2009, na ni 2021 tu ndipo fomula mpya ikaja bila rangi. Kwa miaka hiyo yote figo za watu hao zilisomeka nzima kuliko zilivyo kwa fomula mpya. Kwa hiyo ninayetumia makundi haya kila siku natumia nikiwa nimeshika pua. Andika shaka hiyo kwenye andiko lako. Mthamini mzuri huipenda.

Sasa fedha. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya, ndio kila mtu anaoukimbilia: maombi yalizidi 10,000 mwaka 2024 na 17,000 mwaka 2025. Kwa kanuni za miito ya maombi hadi 2025: uwe na uzamivu siku ya mwisho ya maombi, usizidi miaka minane ya utafiti baada yake, na usiwe umeishi au kufanya kazi yako kuu kwenye nchi mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyotangulia. Miezi hiyo inajumlishwa hata kama haikufuatana. Kwa mwito uliofungwa 10 Septemba 2025 unarudi nyuma hadi 10 Septemba 2022 na kuhesabu. Kwa hiyo aliyemaliza uzamivu Leiden mwaka 2025 hakufaa kuomba Uholanzi hiyo hiyo. Muda uliotumika kusubiri uamuzi wa hadhi ya ukimbizi hauhesabiwi, na hili wengi wanaostahili hawalijui. Alama ni 50 kwa ubora, 30 kwa matokeo, 20 kwa utekelezaji, na kwa kanuni hizo aliyepata chini ya 70 hakuruhusiwa kurudi na taasisi ile ile mwaka uliofuata. Soma mwongozo wa mwaka wako, kanuni hubadilika.

Maandiko mengi hufia kwenye bajeti. Kwa kanuni hizo hizo za Marie Skłodowska-Curie, fungu la utafiti, mafunzo na mikutano ni euro 1,000 kwa mwezi. Miaka miwili, 24,000. Dodoso jipya kwa Kitigrinya, Kidari na Kiarabu, na watafsiri wawili kila lugha, tafsiri ya kurudi nyuma, majaribio na wakalimani wa mahojiano, linamaliza hizo kabla hujampata mshiriki wa mia. Tumia data iliyopo, ongeza mahojiano ishirini ya lugha moja. Na data za Denmark hazitoki: unachambua ndani ya seva yao kupitia taasisi iliyoidhinishwa, unatoa majedwali ya jumla tu. Weka miezi sita ya kibali kwenye ratiba, na kazi nyingine ya kufanya wakati unasubiri.

Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, kwa watafiti walio mwanzoni hutoa mshahara na hadi pauni 400,000 za utafiti, hadi miaka mitano, na taasisi nyingi za nchi za kipato cha chini na cha kati zinaruhusiwa kuwa mwenyeji, kwa hiyo si lazima uhame ili uchunguze kuhama. Kwa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ruzuku ya postdoki ya F32 inataka uraia au ukaazi wa kudumu, ile ya K99 haitaki. Ila mwaka 2025 NIH ilisitisha ruzuku nyingi zilizogusa afya ya jamii za wachache, basi usiweke yai lako pekee kapu hilo.

Barua kwa msimamizi iende Januari au Februari, isubiri mwito ikiwa tayari. Isizidi nusu ukurasa. Itaje data kwa jina, kigeu cha asili utakachotumia na kwa nini hicho, ugonjwa au tokeo moja, na nani yumo kwenye namba ya chini ya sehemu. Wasifu kurasa mbili. "Ninavutiwa sana na kazi zako" iondoe, kila aliyeandika kabla yako aliiweka.